Jinsi ya Kusimamia Kundi la WhatsApp la Mtaa na Kuwasilisha Malalamiko ya Unyanyasaji Mtandaoni

Mitaa mingi ya Kisumu, kuanzia Migosi hadi Nyalenda, ina makundi yake ya WhatsApp, na wazazi wa shule nyingi wana yao. Humo hutangazwa kwamba maji yamekatika, humo hukusanywa michango ya matanga, na humohumo picha ya mtoto wa jirani huzungushwa kwa tuhuma za wizi kabla mzazi wake hajajua lolote. Tunapozungumzia udhibiti wa mitandao ya kijamii, wengi hufikiria Bunge na kampuni za ng'ambo. Hata hivyo, udhibiti unaomfikia mwathiriwa mapema zaidi ni ule wa msimamizi wa kundi, naye hawezi kuutekeleza bila kuonekana mwonevu iwapo wanakundi hawakukubaliana kanuni kabla ya ugomvi kuzuka.

Kanuni zenyewe zisizidi tano au sita. Ziandikwe kwa lugha inayozungumzwa mtaani, na ziwekwe katika maelezo ya kundi ambako kila anayeingia ataziona, badala ya kutumwa mara moja na kuzama chini ya salamu za asubuhi. Muhimu zaidi, kanuni itaje kitendo. "Tuheshimiane" haimsaidii msimamizi hata kidogo, kwa kuwa kila mgomvi huamini kwamba yeye ndiye aliyevunjiwa heshima. Linganisha na hii: "Picha ya mtoto haitatumwa hapa bila idhini ya mzazi au mlezi wake, ikitumwa itafutwa, na aliyeituma ataondolewa kundini kwa siku saba." Hapo hapana la kubishania isipokuwa kama picha ilitumwa au haikutumwa. Sheria za nchi nazo hupimwa kwa kipimo hicho: mwezi wa Aprili 2016 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichotumiwa kuwashtaki watu kwa waliyoyaandika mtandaoni, kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana mno kiasi kwamba mwananchi hangeweza kujua mapema ni lipi lililokatazwa. Msimamizi anayefuta kila lawama dhidi ya diwani au kamati ya mtaa kwa kisingizio cha "matusi" anarudia kosa hilohilo. Kumkosoa kiongozi si unyanyasaji, na kundi lisilovumilia ukosoaji halitaaminika siku litakapomtetea mtu aliyeonewa kweli.

Mambo mawili yanastahili kanuni zake katika kila kundi la eneo hili. La kwanza ni tuhuma za uhalifu: anayemshuku mtu apeleke habari kwa mzee wa Nyumba Kumi au kituo cha polisi, wala asitume picha wala namba ya simu ya mshukiwa kundini, kwa maana umati ukishakusanyika hakuna anayeweza kuurudisha nyuma. La pili ni uchochezi wa kikabila, hasa tunapouendea uchaguzi mkuu wa Agosti 2027. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 kinatoa adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, na kusema "nimetumiwa tu, nami nikatuma" si kinga ya kutegemea.

Wasimamizi wawe wawili au watatu, na angalau mmoja wao awe mwanamke, kwa sababu yapo malalamiko ambayo msichana hatamweleza mwanamume asiyemjua. WhatsApp huwaruhusu kufuta ujumbe wa mwanakundi yeyote, kuidhinisha kila anayeomba kuingia, na kulifunga kundi kwa muda ili wao pekee ndio waandike; hatua hii ya mwisho hufaa sana ugomvi unapopamba moto usiku. Anayekosea aelezwe faraghani, kwa adabu: "Baba Akinyi, nimeiondoa picha uliyotuma saa mbili kwa sababu haikufuata kanuni ya pili. Naomba tuzungumze kwa simu kabla hujaituma tena." Mtu mzima akikaripiwa mbele ya majirani zake hujitetea hata pale anapojua amekosa.

Kabla ya kufuta, hata hivyo, msimamizi ahifadhi ushahidi. Hapa ndipo makundi mengi hukosea, kwani kwa nia njema ya kumwondolea mwathiriwa aibu, ujumbe hufutwa upesi, kisha siku tatu baadaye anapokwenda polisi hana cha kuonyesha. Picha ya skrini ionyeshe ujumbe mzima, tarehe, saa na namba ya aliyeutuma. Ikiwa umeihifadhi namba hiyo kwa jina la "Jirani wa Kona", skrini itaonyesha jina hilo ulilolitunga wewe, ambalo halimtambulishi mtu yeyote mbele ya afisa wa upelelezi. Kwa hiyo fungua ukurasa wa mhusika ambako namba yake inaonekana, nao uupige picha. Kwenye Facebook na TikTok, jina na picha ya akaunti hubadilishwa kwa dakika moja, na ndiyo maana unapaswa kunakili kiungo cha chapisho na kiungo cha akaunti yenyewe, ukajitumia vyote kwa baruapepe. Mazungumzo marefu ya WhatsApp yanaweza kusafirishwa yote kwa pamoja kwenda kwenye baruapepe bila kupiga picha skrini moja moja.

Simu iliyopokea ujumbe isiuzwe wala isisafishwe hadi kesi ikamilike. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka nakala ya kielektroniki inayotolewa mahakamani iambatane na cheti kinachoeleza ilivyotolewa na kifaa kilichotumika, hivyo ni vyema aliyepiga picha za skrini awe ndiye anayezichapisha kwenye karatasi pia. Ukizichapisha kwenye saiba (duka la intaneti) ya mjini au ya Kondele, hakikisha umezifuta faili kwenye kompyuta ya watu na umeiondoa WhatsApp yako humo. Kuna waliokwenda kuchapisha ushahidi wa kudhalilishwa wakaacha picha zao wazi kwa mteja aliyefuata.

Kuna hali moja ambayo utaratibu huo haufai. Picha ya utupu ya mtu aliye chini ya miaka 18 isinakiliwe, isipigwe picha ya skrini, wala isitumwe kwa msimamizi "kama ushahidi", kwa sababu kuwa nayo tu ni kosa la jinai. Peleka simu yenyewe kituoni jinsi ilivyo, au piga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto.

Ushahidi ukiwa tayari, iripoti akaunti kwa mtandao wenyewe kupitia kitufe cha kuripoti, kisha ndipo umfungie mhusika asiweze kukutumia ujumbe tena. Kwa picha za faragha za mtu mzima kuna huduma ya bure ya StopNCII.org, ambayo hutengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yako na kuzipa kampuni zinazoshirikiana nayo alama hiyo tu, ili picha inayofanana izuiwe. Picha yenyewe haitoki kwenye simu. Kwa walio chini ya miaka 18 huduma ya namna hiyo inaitwa Take It Down. Anayetishiwa kwamba picha zake zitasambazwa asipotoa pesa asilipe, maana malipo ya kwanza humthibitishia mtishaji kwamba njia yake inafanya kazi. Kama ameshalipa, ujumbe wa M-Pesa wenye namba ya muamala ni ushahidi mzuri kuliko hata vitisho vyenyewe.

Kituoni, omba taarifa yako iandikwe kwenye kitabu cha matukio (OB) na upewe namba yake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inagusa unyanyasaji katika kifungu cha 27, ambacho kama kilivyopitishwa kinataja faini isiyozidi shilingi milioni 20 au kifungo kisichozidi miaka 10, na usambazaji wa picha za faragha katika kifungu cha 37, ambacho adhabu yake haizidi shilingi 200,000 au miaka 2. Ni vigumu kueleza kwa nini pengo hilo ni kubwa hivyo, wakati picha ya faragha huweza kumfukuza mtu mtaani kabisa. Sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho Oktoba 2025, na mwezi huohuo Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda baadhi ya vipengele vinavyohusu kifungu cha 27. Kwa hiyo usiende kituoni kumsomea afisa namba za vifungu. Eleza nani alifanya nini, lini, kwa akaunti gani, na jinsi kilivyokudhuru, ikiwemo hofu, kazi iliyopotea au mtoto aliyekataa kwenda shule. Kuchagua shtaka ni kazi ya upelelezi na ya mwendesha mashtaka.

Ikiwa aliyeweka picha au taarifa zako ni taasisi, njia ni nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haimhusu mtu anayeshughulikia mambo ya nyumbani kwake tu, lakini inaihusu shule, kanisa, kliniki au kampuni ya mikopo, na inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kutumiwa. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Malalamiko huwasilishwa bila malipo, hata kwa mtandao, na sheria inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90. Andikia taasisi kwanza ukiomba picha iondolewe, uhifadhi barua hiyo na jibu lake, kisha uviambatanishe na malalamiko yako.

Namba ya OB, nakala za ushahidi na barua zote vikae kwa mwathiriwa mwenyewe, au kwa mzazi wake ikiwa ni mtoto. Msimamizi anaweza kuhama mtaa au kuacha usimamizi, lakini mlalamishi ndiye atakayeitwa kuandikisha taarifa.