Kabla ya kufungua maabara ya mawasiliano Mtwara, anza na chumba

Chuo kikianza kupanga maabara ya uhandisi wa mawasiliano, kikao cha kwanza huishia kwenye orodha ya vifaa: osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini) ngapi, maltimita ngapi, kompyuta ngapi. Kwa aliye Mtwara au Lindi, naomba orodha hiyo ikae pembeni kwanza. Nenda kwenye chumba chenyewe, mikono mitupu, ukikague. Huku pwani vifaa vingi huharibika kwa sababu ya chumba kabla havijachakaa kwa kazi.

Chumba kinachotazama bahari upande wa Shangani kina upepo mzuri, lakini upepo huo umebeba chumvi. Viunganishi vya BNC, vile vya kuzungusha mwishoni mwa kebo za vifaa vya kupimia, huota kutu ya kijani, kebo inapitisha mawimbi asubuhi na kuyakata mchana, na mwanafunzi anavunja sakiti yake iliyokuwa sahihi akidhani kosa ni lake. Tafuta chumba kinachofungika vizuri, chenye kiyoyozi. Na kiyoyozi kina masharti yake: ukikiwasha saa za kipindi tu, kisha ukafungua madirisha watu wakitoka, hewa yenye unyevu itakutana na vyuma vilivyopoa na kutonesha maji juu yake. Acha chumba kimefungwa mpaka kipate joto la kawaida. Probu (nyaya za kugusia sakiti wakati wa kupima), kebo na vipuri vidogo viwekwe kwenye ndoo zenye vifuniko vya kubana pamoja na vipakiti vya silika jeli vinavyofyonza unyevu, na vipakiti vyenyewe vikaushwe mara kwa mara.

Jambo ambalo siwezi kulipita haraka ni erthi, yaani njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini. Udongo wa kichanga ukikauka haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fimbo ya erthi iliyopimwa wakati wa mvua ikaonekana nzuri inaweza kukuangusha mwezi wa Septemba au Oktoba. Pima kiangazi. Mimi nalenga chini ya om 5, na nisipofika huko naongeza fimbo. Niliwahi kuwa kwenye maabara moja mwanafunzi alipobana klipu nyeusi ya probu kwenye waya wa moto wa volti 230. Klipu ile imeungana moja kwa moja na erthi ya jengo kupitia bodi ya osiloskopu. Cheche iliruka, breka ikakata, ncha ya klipu ikayeyuka, na kijana akabaki mzima kwa kuwa erthi ilikuwa nzima. Ingekuwa imekatika, bodi ile ya chuma ingepata umeme na yeyote aliyeishika angepigwa. Tangu hapo sifungui kipindi cha kwanza kabla kila mmoja hajanionyesha kwa kidole ile klipu nyeusi inaelekea wapi.

Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kompyuta na vifaa vya kupimia viwe nyuma ya UPS, kifaa chenye betri ya kushikilia umeme. Hilo halihitaji maelezo mengi.

Sasa vifaa. Kabla wanafunzi hawajaingia, rekebisha kila probu ya ×10 kwa wimbi la mraba la osiloskopu yenyewe, mpaka pembe ziwe zimenyooka. Andaa pia jibu la swali ambalo lazima litaulizwa: kifaa cha kutoa mawimbi nimekiweka volti 1, mbona osiloskopu inaonyesha 2? Kifaa hicho kina om 50 ndani yake na kinahesabu kwamba mzigo nao ni om 50. Osiloskopu ina om milioni 1, hivyo volti hazigawanyiki. Asiyeelezwa hili atakiona kifaa kibovu muhula mzima. Kwa upande wa sakiti, tuseme ile ya dayodi inayotoa sauti kutoka kwenye wimbi la AM, usiwape masafa ya juu kwenye bredibodi, ubao wa kuchomeka vipuri bila kulehemu. 455 kHz, masafa ya kati (IF) yanayotumika ndani ya redio nyingi za AM, yanatosha kabisa. Wimbi moja huchukua takribani mikrosekunde 2.2 (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde), sauti ya 5 kHz huchukua mikrosekunde 200, kwa hiyo rezista ya kiloom 10 na kapasita ya nanofaradi 1, zinazotoa mikrosekunde 10 zikizidishwa, zinakaa pazuri katikati na dayodi itatoa sauti safi.

Kuhusu kurusha mawimbi hewani, sina mzaha. Redio za FM zinaishia 108 MHz, na hapo hapo ndipo masafa ya usafiri wa anga yanapoanza. Mtwara ina uwanja wa ndege. Ina bandari pia, na vyombo baharini huitana kwa dharura kwenye 156.8 MHz. Sakiti ya mwanafunzi iliyoteleza kidogo haina ruhusa ya kufika huko. Nunua mapema mizigo bandia ya om 50, yaani rezista za kumeza mawimbi badala ya antena, kila kitoa mawimbi kiishie humo, na anayetaka antena ya kurushia aanzie TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwenye leseni. Kwa kusikiliza, kidude cha redio ya programu kinachochomekwa kwenye USB kinatosha; kitawaonyesha vituo vya FM vya mjini vikiwa vimejipanga kwenye skrini, na hapo ndipo nimeona macho ya wanafunzi yakifunguka kuliko ubaoni.

Upande wa dijitali, hesabu itangulie waya. Sauti ya simu huchukuliwa sampuli 8,000 kwa sekunde, kila moja biti 8, jumla biti 64,000 kwa sekunde. Kisha waulize: tukiingiza sauti ya 7 kHz bila kichujio, kitatoka nini? Kila mmoja aandike jibu kwenye daftari kabla ya kugusa swichi. Ikitokea 1 kHz kwenye osiloskopu, yaani 8 kHz za sampuli kutoa 7, aliyeandika 7 arudi kuhesabu upya kabla ya kupewa sakiti nyingine.