Kupima ustahimilivu wa bakteria kwa mionzi: anza na jinsi ulivyowakuza

Bakteria waliotoka koloni moja hufa kwa viwango tofauti vya mionzi kutegemea walivyokuzwa. Kwa hiyo, kabla hujaibebesha jeni yoyote lawama, linganisha makundi mawili ya bakteria wa maabara E. coli K-12 chini ya taa ya urujuanimno.

Kundi la kwanza likuze kwa saa 16–18 katika nyuzi 37, likitikiswa, hadi ukuaji usimame. Seli zenye njaa hulimbikiza protini ya RpoS inayowasha kinga nyingi, na kwa kawaida hizi ndizo sugu zaidi. Kwa kundi la pili, sehemu ya hilo la kwanza izimue mara 100 katika mchuzi mpya, uivune OD600 (kipimo cha ukungu wa mchuzi kwa mwanga wa nanomita 600) ikifika 0.3. Ukingoja hadi 0.8 baadhi zitakuwa zimeshaanza kupunguza mwendo, na tofauti unayoitafuta itafifia.

Zungusha makundi yote kwenye sentrifuji, osha mara mbili kwa maji ya chumvi ya 0.85%, kisha yasawazishe yawe na seli karibu milioni 10 kwa mililita. Usiharakishe hapa. Dondoo ya hamira iliyo katika mchuzi hunyonya urujuanimno wa nanomita 254. Mabaki kidogo tu huwa mwavuli, nawe utadhani seli ni sugu. Msongamano usiolingana hudanganya vivyo hivyo.

Washa taa ya urujuanimno dakika 20 kabla. Mimina mililita 5 katika sahani ya petri, ondoa kifuniko (plastiki huzuia mionzi hii), na uchanganye muda wote. Kipimo kikisoma wati 1 kwa mita ya mraba, kila sekunde ni jouli 1 kwa mita ya mraba. Chukua sampuli kwenye sekunde 0, 10, 20, 40 na 60. Ngao ya uso na glavu ni lazima.

Baada ya hapo fanya kazi kwenye mwanga mwekundu, sambaza sampuli kwenye sahani za agari na uzifunike kwa karatasi ya alumini, kwani fotoliasi, kimeng'enya cha bakteria, hutumia mwanga wa buluu kukarabati DNA. Hesabu sahani zenye koloni 30–300.

Kwa miale ya gama, oksijeni ndiyo ya kudhibiti: bila hiyo, dozi inayohitajika kuua seli huweza kufika mara 2.5 hadi 3 ya ile ya penye oksijeni. Kwa Deinococcus radiodurans, bakteria sugu sana kwa mionzi aliyegunduliwa mwaka 1956 katika nyama ya kopo iliyopigwa mionzi, chunga madini ya manganizi katika lishe. Hulinda protini zake, na akikuzwa penye uhaba wake ustahimilivu hushuka. Andika basi namba ya toleo la kila kopo la lishe.