Namna ya Kupima Utayari wa Kiwanda cha Korosho Kuingia Katika Mfumo wa Kidijitali

Kabla ya kumwita muuza programu, mwenye kiwanda cha kubangua korosho Mtwara au Lindi anapaswa kujua kama hesabu za kiwanda chake zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe, kwa kuwa kosa lililomo daftarini litahamia kwenye kompyuta likiwa vilevile. Utayari haupimwi kwa idadi ya kompyuta zilizoko ofisini.

Anza stoo. Chagua katoni moja ya punje za daraja la W320, yaani zile ambazo ratili moja huwa na punje 300 hadi 320, kisha uifuatilie kinyumenyume: ilifungashwa na zamu ipi, ilimenywa na kikundi kipi, ilipikwa kwa mvuke siku gani, na magunia yake yalitoka ghala lipi kwa stakabadhi ipi. Simama na kila mhusika, daftari lake likiwa wazi mbele yenu. Aghalabu utakuta mpokeaji anaandika kilo, msimamizi wa ubanguaji anahesabu ndoo, na mhasibu anatambua magunia peke yake. Hilo si dogo, maana korosho ghafi hutoa punje zenye uzito wa takriban robo ya uzito wake, mara nyingi pungufu ya hapo, na unyevu nao hupotea njiani. Bila kipimo kimoja, hakuna awezaye kutenganisha upungufu wa kawaida na wizi.

Zoezi hili lifanyike msimu ukiwa umepamba moto, baada ya minada kuanza mwezi Oktoba, malori yakiwa yamepanga foleni getini. Kiwanda kilicholala huonekana nadhifu kuliko kilivyo.

Umeme na mtandao havihitaji maneno mengi: andika kwa wiki mbili saa zote vinapokatika, kisha uikatae programu yoyote isiyoweza kuhifadhi kumbukumbu wakati hakuna intaneti.

Sehemu ngumu ni watu. Chumba cha kumenya, ambacho kwa kawaida hujaa kina mama wanaolipwa kwa kilo, ndicho kitakachoguswa kwanza na mizani mpya, na mizani hiyo kwao ni mshahara. Waulize, mnyapara akiwa hayupo, kama wanaiamini mizani ya sasa na nani hurekebisha uzito ulioandikwa vibaya. Iwapo mahudhurio yatachukuliwa kwa alama za vidole, kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mkusanyaji wa taarifa hizo ajisajili kwa Tume husika.

Baada ya hapo toa alama. Kipimo cha utayari wa viwanda kilichozinduliwa Singapore mwaka 2017 kina vipengele 16 chini ya mchakato, teknolojia na taasisi, kila kimoja kikipewa alama 0 hadi 5. Kwa kiwanda cha wastani, vipengele vitano au sita vinatosha kuanzia, na sifuri ya kweli ina faida kuliko mbili ya kujipendekeza. Usitafute wastani. Tafuta alama ya chini inayozuia nyingine: ikiwa shehena hazina namba, kazi ya kwanza ni kuandika namba kwa wino kwenye kila gunia linapoingia, na kuisoma namba hiyo hiyo kwenye katoni inapotoka, kabla ya shilingi yoyote kwenda kwenye programu.