Namna ya Kuchagua Bunduki za Filamu Kuhusu Mapigano ya Kisii, 1914

Ukiandaa filamu kuhusu mapigano ya Kisii ya Septemba 1914, anza kwa kutenganisha silaha za pande mbili. Askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wape bunduki ya Lee-Enfield ya .303 (kipenyo cha mtutu kwa inchi). Askari wengi Waafrika wa jeshi la Wajerumani walibeba Mauser ya mwaka 1871, iliyotiwa risasi moja moja na kutumia baruti nyeusi, hivyo kila mlio ulitoa wingu zito la moshi lililomfichua mpigaji. Moshi huo ni neema kwa mpiga picha, usiuache.

Mfundishe mwigizaji mwenye Mauser kuvuta komeo (kipande cha chuma chenye mkono kinachofungua na kufunga nyuma ya mtutu), kutoa ganda, kuchukua risasi kiunoni na kuitia kwa vidole kabla ya kulenga tena. Mwenye Lee-Enfield naye huvuta komeo baada ya kila mlio, ingawa magazini yake, yaani kisanduku cha risasi, hubeba risasi 10. Akifyatua mfululizo bila kuligusa komeo, tukio zima limeharibika. AK-47 isionekane hata kwa mbali, maana ilibuniwa zaidi ya miaka 30 baadaye.

Kwa waigizaji wa nyuma, bunduki za mbao zinatosha kabisa: seremala wa Kibuye, Kisumu, akipewa picha na vipimo, atachonga kitako na mtutu, kisha mtutu upakwe rangi ya chuma iliyofifia, si nyeusi inayong'aa. Kabla ya kuzitoa hadharani, arifu kituo cha polisi na chifu wa eneo hilo kwa maandishi.