Namna ya kufuatilia mzizi wa vita unavyovisikia redioni

Nafundisha historia kidato cha nne hapa Kongwa, Dodoma. Vita vikitangazwa, wanafunzi huniuliza, "Mwalimu, nani kaanza?" Nawaambia waanze na ramani.

Fungua atlasi, weka kidole kwenye mpaka, kisha uliza nani aliuchora na lini. Mpaka wa Afghanistan na Pakistan uliwekwa 1893, Uingereza ikilinda koloni lake la India. Watu wa kabila la Wapashtuni wakagawanywa pande mbili, na serikali ya Afghanistan kule Kabul haiutambui mpaka huo hadi leo. Kwa Syria na Iraq rudi 1916: Uingereza na Ufaransa ziligawana kwa siri ardhi za Dola ya Osmania, yaani ya Waturuki, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa bado inapiganwa. Hapa usiharakishe. Kaa na ramani hata kipindi kizima.

Halafu uliza nani anaweza kuzuia suluhu. Tangu 1945 mataifa matano yana kura ya turufu kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na la Afrika halimo hata moja. Hilo linaniuma kweli.

Mwisho tafuta alama za vita karibu nawe. Miaka ya 1960 wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Namibia na Afrika Kusini walikuwa na kambi hapahapa Kongwa. Wazee waliowaona bado wapo. Nenda jioni, piga hodi, beba daftari.