SOMO: Kuchagua hoteli ya Disney World kwa safari ya familia (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, habari zenu. Kila likizo ya shule ikikaribia, simu yangu hujaa swali lilelile: "Dada, tunawapeleka watoto Orlando, tulale wapi?" Nimejibu mmoja mmoja faraghani hadi nimechoka, kwa hiyo leo naandika kila kitu hapa. Atakayeniuliza tena nitamtumia somo hili. Nazungumzia Walt Disney World ya Florida, ile yenye bustani kubwa za michezo na burudani za familia. Ile ya California ni habari nyingine kabisa.

Wengi huchagua hoteli kwa picha ya bwawa la kuogelea na bei ya usiku mmoja. Mimi nawaambia chagueni kwa njia: mtoto atatokaje kitandani asubuhi hadi langoni, na usiku atarudije akiwa amelala begani mwako. Hayo mawili yakikaa sawa, bwawa lolote litamfurahisha.

HATUA YA 1. Mnaotoka nyumbani Afrika: viza kwanza, hoteli baadaye. Usilipie chumba kisichorudisha pesa kabla pasipoti haijarudi mkononi na viza ndani.

HATUA YA 2. Hesabu vichwa. Vyumba vingi vya hoteli za bei nafuu za Disney (All-Star Movies, All-Star Music, All-Star Sports na Pop Century) ni vya watu wanne. Mtoto aliye chini ya miaka 3 anayelala kwenye kitanda cha kichanga huongezwa juu ya hao wanne, na tiketi ya bustani pia hatozwi. Watu watano, tazameni Port Orleans Riverside au Caribbean Beach, ambako baadhi ya vyumba vina kitanda kidogo cha mtu wa tano. Kitanda chenyewe ni cha mtoto, msimlaze mjomba. Watu sita, kuna vyumba vya familia vya Art of Animation vyenye mabafu mawili, au vibanda vya Fort Wilderness. Na tafadhalini, ile tabia yetu ya kuandikisha wanne kisha tukaingia saba, iacheni. Idadi ya watu kwenye chumba imewekwa kwa ajili ya usalama wa moto.

HATUA YA 3. Amueni bustani ipi mtaingia asubuhi nyingi zaidi. Ziko nne: Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Wenye watoto wadogo, jibu karibu kila mara ni Magic Kingdom. Wenye vijana wanaopenda Star Wars, ni Hollywood Studios.

HATUA YA 4. Njia. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo familia yangu ilipoumia, na ndipo naona wengi wakiendelea kuumia.

Eneo la Disney World lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 100. Kwa hiyo tangazo linaposema hoteli iko "karibu na Disney", jiulize karibu na sehemu gani. Sisi tulichukua hoteli moja ya Kissimmee, mji jirani, jina lake naliacha, iliyotangaza usafiri wa bure. Usafiri ulikuwepo kweli, ila basi lilitoka mara chache kwa siku, kiti lazima ukiombe kabla, na safari ya mwisho ya kurudi ilikuwa mapema kuliko fataki. Mtoto amengoja fataki mwaka mzima, wewe unamkokota nje zikiwa hazijaanza. Siku zilizofuata tulilipa teksi kwenda na kurudi, na unafuu wote wa bei ukaishia barabarani.

Sikilizeni na hili, ambalo matangazo hayalisemi. Ukienda Magic Kingdom kwa gari lako au kwa basi la hoteli nyingi za nje, hushushwi langoni. Unashushwa kituo kinachoitwa Transportation and Ticket Center, halafu unapanda monoreli (treni ya reli moja) au feri kuvuka ziwa. Mabasi ya hoteli za Disney hufika hadi mlangoni pa bustani. Usiku, umati wote unapotoka kwa mkupuo, tofauti hiyo ni kubwa mno kwa mwenye watoto watatu na kigari.

Sasa angalieni aina za usafiri:

Monoreli inapita hoteli za Contemporary, Polynesian na Grand Floridian. Hizo ni ghali. Contemporary na Grand Floridian unaweza hata kutembea kwa miguu hadi Magic Kingdom.

Skyliner ni vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, vilivyoanza kazi Septemba 2019. Vinaunganisha Pop Century, Art of Animation, Caribbean Beach na Riviera na bustani mbili: EPCOT na Hollywood Studios. Kigari cha mtoto hukikunji. ONYO: radi ikikaribia husimamishwa, na Florida wakati wa kiangazi radi za alasiri ni jambo la kawaida. ONYO la pili: Magic Kingdom na Animal Kingdom havifiki, huko mtapanda basi.

All-Star zote tatu ni mabasi tu, na wakati mwingine basi moja hupita hoteli zote tatu. Kwenye basi jiandaeni kukunja kigari. Kigari kisizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa 132, na vile vya kukokota kama mkokoteni havikubaliwi bustanini.

Kwa maoni yangu, familia ya wanne yenye bajeti ya kawaida ianzie Pop Century. Ukizilinganisha bei na njia, siioni inayoizidi.

HATUA YA 5. Ndani au nje? Wageni wa hoteli za Disney huingia bustani yoyote kati ya zile nne nusu saa kabla ya wengine, kila siku. Foleni za mwanzo wa siku ndizo fupi kuliko zote, msiidharau nusu saa hiyo. Pia wananunua pasi za Lightning Lane (za kupita foleni fupi) siku 7 kabla ya kuingia hotelini, wakati wengine hungoja hadi siku 3 kabla ya kwenda bustanini. Maegesho hotelini na bustanini ni bure kwao. Lakini lile basi la bure kutoka uwanja wa ndege lilifutwa mwanzoni mwa 2022, anayewaambia bado lipo amepitwa.

HATUA YA 6. Linganisheni bei kamili, kodi ikiwemo. Kodi ya hoteli upande wa wilaya ya Orange ni asilimia 12.5, upande wa wilaya ya Osceola, iliko Kissimmee, ni 13.5. Hoteli nyingi za nje huongeza ada ya huduma kwa kila usiku na pesa za maegesho. Tangu Mei 2025 sheria ya Marekani inazitaka hoteli zionyeshe bei pamoja na ada za lazima tangu mwanzo, ila kodi na maegesho jumlisheni wenyewe.

HATUA YA 7. Someni masharti ya kufuta safari, pigeni picha ya ukurasa, kisha lipeni.

Karibuni kwa maswali.

—

Mzee wa Temeke: Dada ni ndefu sana, sijasoma. Nitajie tu hoteli moja nzuri ya bei poa.

MamaTunu (mwandishi): Hatua ya 2 na ya 4, kaka. Bila kujua mko wangapi, siwezi kukutajia.

Mzee wa Temeke: Tuko sita, mama mkwe akiwemo.

MamaTunu: Basi jibu lako liko hatua ya 2.

BintiMvita: Shikamoo dada. Nimesikia kuna hoteli ya Disney yenye mambo ya Afrika Mashariki, na wanyama wanaonekana dirishani. Ni kweli? Watoto wangu wamezaliwa Minnesota, hawajawahi kumwona twiga nje ya picha.

MamaTunu: Marahaba mdogo wangu. Ni kweli, inaitwa Animal Kingdom Lodge, ilifunguliwa mwaka 2001. Ina pande mbili, Jambo House na Kidani Village. Ukumbini mtakuta migahawa ya Boma na Jiko, na kwenye majani mtaona twiga, pundamilia na ng'ombe wa Ankole. Mambo matatu uyajue kabla. Kwanza, si kila chumba kinatazama wanyama. Vingine vinatazama bwawa au maegesho, kwa hiyo soma vizuri aina ya chumba kwenye nafasi unayoweka. Pili, jina lisikudanganye: huwezi kutembea kwa miguu hadi bustani ya Animal Kingdom. Kila mahali ni basi, na Magic Kingdom ni mbali. Tatu, na hili ndilo ninalolipenda zaidi: huhitaji kulala pale. Lala Pop Century, kisha siku ya kupumzika weka nafasi ya chakula cha mchana mgahawa wa Sanaa ulioko Kidani. Omba meza ya dirishani, wakikupa mtakula mkiwatazama wanyama. Baadaye tembeeni Jambo House, kuna sehemu za kutazamia zilizo wazi kwa wageni. Kuogelea tu ndiko hamtaruhusiwa, bwawa ni la wanaolala pale.

BintiMvita: Mungu akubariki dada. Nimeshaanza kutafuta nafasi Sanaa.

Kipanga254: Unatisha watu bure. Sisi tulikaa nje, nyumba ya kukodi Davenport, tulikuwa kumi na wawili, kila kitu kilikuwa safi na bei nusu.

MamaTunu: Sijasema nje ni kubaya, soma tena. Nimesema njia ndiyo ya kuangalia. Mlikuwa na magari yenu?

Kipanga254: Mawili.

MamaTunu: Ndiyo sababu ilikaa sawa. Watu kumi na wawili wenye magari, hata mimi ningewapeleka nyumba ya kukodi yenye jiko na bwawa lake. Nisingempeleka huko mama mwenye watoto wawili asiyeendesha. Na kwenye nyumba za namna hiyo, hakikisheni bwawa lina uzio na mlango una kengele. Watoto wetu wengi hawajui kuogelea.

Kipanga254: Hapo nakubali.

Mpishi wa Ubungo: Naweza kusonga ugali hotelini? Mzee wangu hali pizza siku tano mfululizo.

MamaTunu: Chumba cha kawaida cha hoteli za bei nafuu kina friji ndogo tu, hata maikrowevu hakina. Hiyo utaikuta kwenye ukumbi wa chakula. Vyumba vya familia vya Art of Animation vina maikrowevu ndani. Jiko kamili liko kwenye vibanda vya Fort Wilderness na kwenye vyumba vikubwa vya Deluxe Villa, zile hoteli za Disney za kifahari. Usiingie na jiko lako la umeme chumbani. Pia bustanini unaruhusiwa kuingia na chakula chako, mradi si vyombo vya kioo wala pombe. Chapati na mayai ya kuchemsha vimetuokoa sana.

Umm Layth, Muscat: Assalaam alaykum. Sisi Florida ni mbali. Je, kanuni zako zinafaa Abu Dhabi, kisiwa cha Yas?

MamaTunu: Waalaykum salaam dada. Zinafaa sana, na kwenu ni rahisi zaidi maana bustani ziko pamoja kisiwani: Ferrari World, Yas Waterworld, Warner Bros. World, na SeaWorld iliyofunguliwa 2023. Hoteli nyingi ziko hapohapo na kuna basi la kuzunguka kisiwa, kwa hiyo njia haikusumbui kama huku. Cha kuangalia kwenu ni joto. Kama mnakwenda Julai au Agosti, tegemeeni zile za ndani, Warner Bros. hasa, na muulize kama bei ya chumba imejumuisha tiketi za bustani. Mara nyingi huuzwa pamoja.

Mjukuu wa Pangani: Naenda na bibi, miaka 78, magoti yanamsumbua. Sitaki abaki hotelini. Nimesoma lote, naona Pop Century ni kubwa mno kwake.

MamaTunu: Umesoma kweli, asante. Kwa bibi ningefikiria Port Orleans French Quarter. Ni ndogo kuliko hoteli nyingine za daraja lake, kituo cha basi ni kimoja, na kutoka chumbani hadi ukumbini si mbali. Epuka Caribbean Beach na Coronado Springs, ni pana mno. Mkiweza gharama, Contemporary, maana mtamsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi Magic Kingdom bila kupanda chombo chochote. Mabasi yote yana njia ya kiti cha magurudumu. Kodini kiti hata kama anasema anaweza kutembea, siku moja bustanini ni kilomita nyingi. Na panga alasiri arudi kupumzika, nendeni tena jioni.

Mjukuu wa Pangani: Atakataa kiti, namjua.

MamaTunu: Mwambie ni cha kubebea mikoba. Akichoka atakaa mwenyewe.

Jirani wa Lubumbashi: Na Universal je, zile bustani nyingine za Orlando?

MamaTunu: Kama mna vijana, chungulieni hoteli zao za Portofino Bay, Hard Rock Hotel na Royal Pacific. Bei ya chumba ina pasi ya Express ya kuruka foleni kwa kila mtu chumbani, kwenye bustani za Universal Studios na Islands of Adventure. Haihusu bustani yao mpya, Epic Universe, iliyofunguliwa Mei 2025. Jumlisheni bei ya pasi hizo zikinunuliwa peke yake, ndipo mtajua kama chumba ni ghali kweli. Maegesho ya hoteli huko yanalipiwa.

Mzee wa Temeke: Dada, nimesoma sasa. Art of Animation imejaa tarehe zetu. Nifanyeje?

MamaTunu: Afadhali. Tazama vyumba vya familia vya All-Star Music, navyo ni vya watu sita, ila usafiri ni basi tu. Au vyumba viwili Pop Century, uombe viwe vinaungana kwa mlango. Piga simu uombe hilo, kwenye tovuti pekee usitegemee. Na rudi kutazama kila siku, watu hufuta safari.

Mama Pili wa Houston: Naongezea: mtakaochukua teksi toka uwanja wa ndege, bebeni kiti cha gari cha mtoto. Florida mtoto wa miaka 5 kushuka lazima awe kwenye kiti chake, na madereva wengi hawana.

MamaTunu: Asante shoga, hilo nililisahau. Kampuni nyingi za ndege zinakibeba bila malipo. Kifunike kiti na mfuko, la sivyo kinafika kimechafuka.

Mama Pili wa Houston: Na kufua? Watoto wangu wanalowa kila siku.

MamaTunu: Mashine zipo kwenye hoteli zote za Disney, za bei nafuu ziko karibu na mabwawa. Nenda asubuhi watu wakiwa bustanini, usiku zinagombaniwa. Sabuni beba yako.