Jinsi ya kuanza mazoezi ukiwa huna pumzi: nguzo kwa nguzo

Mi ni fundi cherehani, kazi yangu ni kukaa. Asubuhi mpaka jioni mgongo umepinda, miguu ipo kwenye pedeli, na ukifika msimu wa Idi au harusi ndo kabisa, naondoka kibandani saa 4 usiku. Miaka minne iliyopita nilipanda ngazi za ghorofa ya pili kupeleka gauni la mteja nikashindwa hata kusalimia, nimesimama mlangoni nahema mpaka yule dada akaniletea maji akidhani naumwa. Nikapata hasira. Jumamosi yake nikajiunga na kundi la joging la mtaani, wenzangu wakaenda kilomita 7 kwa mchakamchaka na nyimbo juu, na mi kwa aibu ya kuachwa nikang'ang'ana nao mpaka mwisho. Jumatatu sikuweza kuchuchumaa chooni. Sio utani, nilishika ukuta huku namwita mama yangu. Nikaacha miezi mitano.

Sasa hichi ntakachoandika ni nilivyofanya mara ya pili, na ndicho nawafanyisha kina mama wa mtaani kwetu huku Temeke sasa ivi, maana kila anayekuja mpya anataka kurudia kosa lile lile.

Hatua ya 1: pima presha na sukari kabla hujanunua chochote. Hata duka la dawa wengi wana kipimo, dakika mbili tu. Ukikutwa na presha sio kwamba mazoezi basi, ila nenda ukaongee na daktari kwanza ujue unaanzia wapi. Na ukiwa njiani ukasikia kifua kinabana, kizunguzungu, au maumivu yanashuka mkono wa kushoto, unasimama hapo hapo unaenda hospitali, usijikaze.

Hatua ya 2: chagua saa, zoezi baadae. Watu wanaanza kuulizana nifanye zoezi gani la kutoa kitambi, wakati hata siku ya kufanya hawana. Mi nimebandika yangu kwenye swala ya alfajiri, nikimaliza kuswali tayari nimeamka, kurudi kitandani ndo inakuwa kazi. We bandika kwenye kitu unachofanya tayari, kama ni kumpeleka mtoto kwenye basi la shule basi ukitoka hapo usirudi ndani. Siku tatu zinatosha, Jumatatu, Jumatano, Jumamosi. Na kwa Dar kuanzia Desemba mpaka Machi saa 2 asubuhi jua limeshakuwa kali, jasho halikauki, kwa hiyo ni asubuhi mapema au jioni kwenye saa 11 na nusu. Giza giza usitoke peke yako, dada zangu, kuna mbwa na kuna vijana wa bodaboda wasiowasha taa. Nguo nazitoa usiku naziweka juu ya simu, ili nikitaka kuzima alamu nizishike kwanza.

Hatua ya 3: raba. Mtumba unafaa kabisa, wala usidanganywe. Nenda jioni, miguu inakuwa imevimba kidogo kama itakavyovimba ukikimbia. Geuza soli uangalie, ikiwa imeliwa upande mmoja iache, mwenzio alikuwa anakanyaga vibaya na we utarithi. Kisha kikunje, kiatu kizuri kinakunjika mbele pale vidole vinapokunjika, kikikunjika katikati kama chapati rudisha. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya dole gumba. Na kwa kina mama, sidiria ya mazoezi ni muhimu sawa na kiatu, mtu hakuambii haya, unakimbia siku mbili kifua kinauma unadhani ni ugonjwa. Suruali mi najishonea mwenyewe, kitambaa cha kuvutika, na dera fupi juu, hakuna anayeniangalia.

Hatua ya 4: nguzo kwa nguzo. Hapa ndo penyewe. Kujua ukimbie mpaka wapi na utembee mpaka wapi hatutumii saa wala programu ya simu, tunatumia nguzo za umeme, nguzo moja ni kutoka hii mpaka inayofuata.

Wiki 2 za kwanza hukimbii kabisa. Unatembea dakika 20 hadi 30, mwendo wa mtu anayeona daladala linataka kuondoka. Utaona ni rahisi mno, utataka kukimbia, usikimbie. Pumzi inarudi mapema, ila magoti, mishipa na mifupa ya ugoko huwa vinachelewa, na hapo ndo wengi wanaumia, pumzi ipo ila mguu haujawa tayari.

Wiki ya 3 na 4 kimbia nguzo moja tembea tatu, rudia mpaka dakika 25 ziishe. Wiki ya 5 na 6 kimbia mbili tembea mbili. Wiki ya 7 na 8 kimbia nne tembea moja. Kuanzia ya 9 jaribu dakika 10 bila kutembea, uwe unaongeza kidogo kidogo. Wapo waliofika dakika 30 mfululizo wiki ya 12, mi ilinichukua 16 na sikufa. Ukiona wiki fulani imekushinda irudie, hakuna mwalimu anayekusahihisha.

Na kasi iwe ya kuona aibu. Namaanisha mtu anayetembea haraka awe anakaribia kukupita. Kipimo chetu ni umbea, kama unaweza kumsimulia mwenzio habari ya jirani kwa sentensi nzima uko sawa, ukiweza kuimba ongeza kidogo, ukibaki unajibu "mh" tu umezidisha. Kichomi kikija ubavuni punguza mwendo, toa pumzi ndefu, bonyeza pale panapouma, kitaondoka. Mara nyingi ni kwa sababu umekula muda si mrefu au umeanza kwa fujo.

Watakuuliza nani anakukimbiza. Watauliza wiki mbili, ya tatu watakusalimia, na ya nne kuna mmoja atakuita pembeni aulize mnaanzaga saa ngapi.

Hatua ya 5: siku mbili za nguvu, nyumbani. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi, hii ya pili wengi tunairuka. Kaa kwenye kiti simama bila kushika kitu mara 10, pushapu za ukutani 10, kisha beba ndoo ya lita 10 tembea nayo uani ukibadilisha mkono, ile ni kilo 10 kamili hujalipia jimu. Rudia mara tatu. Ukizoea, kiti kinatoka unabaki na skwati, ukuta unakuwa meza, baadae sakafu.

Maumivu: misuli ya mapaja na vigimbi kuuma siku ya pili au ya tatu ni kawaida, tembea taratibu yataisha. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuonyesha kwa kidole, yanayochoma, au yanayozidi kadri unavyokimbia, hayo pumzika siku kadhaa na yakigoma kaone mtu wa mifupa.

Chakula sina mengi ila supu lazima niiseme. Makundi mengi ya Jumamosi yanaishia kwenye supu na chapati mbili, wengine na bia asubuhi hiyo hiyo, alafu wanashangaa kitambi hakiondoki. Supu kunywa, hiyo chapati ya pili ifikirie. Mwezi wa Ramadhani mi nahamisha kila kitu usiku baada ya tarawehe, natembea tu.

Ukikosa siku moja endelea kama kawaida, usifidie kwa kuunganisha mbili. Ukikosa wiki mbili, umeumwa au kazi zimekubana, rudi nyuma hatua moja kwenye nguzo. Msimu wa Idi uliopita mi mwenyewe nilirudi mpaka kimbia mbili tembea mbili.

Kundi la joging ingia ukishafika dakika 20 mfululizo, na ukae nyuma, nyuma huku ndo kwenye stori. Na kama unataka kitu cha kukuvuta, Kilimanjaro Marathon ya Moshi hufanyika kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kuna kilomita 42, 21 na 5. Chukua ile 5, hesabu wiki 16 kurudi nyuma, na hiyo tarehe uliyoipata ndo unaanza kutembea.